Chanjo ya HPV: tuwachanje mabinti zetu, lakini si kwa shuruti

Kila wahudumu wa afya wanapotangaza kwamba watapita shuleni na chanjo ya HPV, simu zetu hujaa sauti za WhatsApp kabla hata kichupa kimoja hakijafunguliwa. Moja inasema chanjo ni njama ya kuwafanya mabinti zetu wawe tasa. Nyingine inasema ni ruhusa ya zinaa. Upande wa pili wapo wanaosema serikali imelegea mno, kwamba ingeifanya lazima, msichana asiyechanjwa asiingie darasani na mzazi anayekataa ashtakiwe. Maskani kwetu watu wazima wamebishana juu ya jambo hili kuanzia baada ya Alasiri mpaka ikaadhiniwa Magharibi, na walipoinuka kwenda kuswali hapakuwa na aliyebadili msimamo wake hata kidogo.

Nikiwasikiliza naona wanabishana juu ya mambo mawili wakidhani ni moja. Swali la kwanza ni la tiba: chanjo hii yafaa au haifai? Swali la pili ni la amri: ikiwa yafaa, je, wazazi washurutishwe? La kwanza nalijibu ndiyo, bila kusitasita. La pili nalijibu hapana, si kwa chanjo hii na si kwa hali tuliyo nayo hapa Pwani. Najua kuna watakaoniona nimekaa juu ya ukuta, mguu huku na mguu kule. Basi wanivumilie niwaeleze.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi wanaoupinga au kuutetea hawajui unavyotenda kazi. HPV ni jamii kubwa ya virusi, zaidi ya aina 200. Baadhi huleta chunjua za kawaida za mikononi, baadhi huleta chunjua za sehemu za siri. Aina chache ndizo za hatari, na mbili kati yake, namba 16 na namba 18, ndizo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Aliyegundua uhusiano huo ni mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, katika miaka ya 1980, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Virusi hivi huambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa tendo la ndoa. Hakuna homa, hakuna kidonda, hakuna dalili. Watu wengi waliowahi kushiriki tendo hilo huvipata wakati fulani maishani bila kujua, na mwili huvishinda wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache haviondoki. Hukaa kimya miaka 15 au 20, vikibadilisha seli za mlango wa kizazi polepole mpaka zikageuka saratani. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi mwendo huo huwa wa haraka zaidi.

Ndiyo maana ugonjwa huu humkuta mama wa miaka 45, watoto wake wako sekondari, pengine ameshapata mjukuu wa kwanza. Anaanza kutokwa na damu isiyo ya hedhi. Ananyamaza. Hayo ni mambo ya kike, hayasemwi mbele ya mume wala mbele ya watoto, na daktari wa zamu huenda ni mwanamume. Anamwambia dada yake, dada anampa dawa ya kuchemsha. Anapofika hospitali saratani imeshatoka ilipoanzia. Kwa makadirio ya mwaka 2020, Kenya ilipata wagonjwa wapya wapatao 5,200 wa saratani hii, na wanawake wapatao 3,200 walifariki kwayo mwaka huo mmoja. Ni kama wanawake tisa kila siku. Sisi tuliozika mama, khalati na majirani twaijua hesabu hiyo bila takwimu, ingawa mara nyingi kwenye matanga husemwa tu kwamba marehemu aliugua tumbo.

Chanjo haitibu virusi vilivyokwisha kuingia. Hufundisha mwili kuvitambua kabla havijafika. Hapo ndipo lilipo jibu la swali wanaloniuliza wengi, kwa nini mtoto wa miaka kumi. Si kwamba kuna mtu anamdhania vibaya. Chanjo lazima itangulie, na tena mwili wa umri huo huitikia vizuri kuliko wa mtu mzima. Hata bima ya gari hukatwa kabla ya ajali.

Na matokeo yake sasa yanaonekana, kwa kuwa nchi zilizotangulia zimeshapata muda wa kutosha. Huko Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wasichana waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipungukiwa na hatari ya saratani hii kwa asilimia 88. Uingereza mwaka uliofuata ikatoa hesabu inayokaribiana nayo, asilimia 87, kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13. Mwaka 2024 Scotland ikaeleza kwamba kati ya wanawake wake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na umri huo, hakuonekana hata mmoja aliyepata saratani ya mlango wa kizazi. Hata mmoja. Katika habari za saratani ni nadra kusoma neno kama hilo.

Sasa nije kwenye lile la zinaa, kwa sababu ndilo zito kwetu.

Hoja huwa hivi: sisi ni Waislamu, mabinti zetu tunawalea kwa sitara, hawaguswi mpaka siku ya nikaha, basi chanjo ya ugonjwa wa zinaa ni ya watu wengine. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inatoka kwa watu wanaochukulia malezi kwa uzito. Lakini ina pengo kubwa, na pengo lenyewe ni mume. Binti yako atahifadhika, inshallah, mpaka usiku wa harusi yake. Je, na yule anayemwoa? Alikaa miaka mingapi Nairobi, au Jeddah, au melini, kabla hajaleta posa? Huenda alitubu toba ya kweli na sasa yuko safu ya kwanza msikitini. Toba hufuta dhambi, lakini haiondoi virusi. Na tena hapa kwetu kuna ndoa, talaka, eda na ndoa nyingine, zote za halali kabisa. Mwanamke aliyeolewa mara mbili kwa mahari na mashahidi hajafanya kosa lolote, na virusi haviulizi cheti cha nikaha. Mwanamke aweza kuishi maisha yake yote bila doa na akafa kwa saratani hii. Wapo, na si wachache.

Wala hakuna ushahidi kwamba msichana akichanjwa tabia yake huharibika. Jambo hilo limechunguzwa mara nyingi katika nchi mbalimbali, na wasichana waliochanjwa hawakuonekana kuanza mapema kuliko wenzao. Nasi tukiwa wakweli, nani katika sisi alijizuia na zinaa akiwa kijana kwa kuogopa saratani ya miaka 20 mbele? Kilichotuzuia, wale kiliowazuia, ni khofu ya Mungu, macho ya wazazi na aibu ya mtaa.

Kuhusu kilichomo ndani ya kichupa, masheikh wana haki ya kuuliza na watabibu wana wajibu wa kujibu. Ndani hamna kirusi, si hai wala mfu. Kuna protini ya ganda la nje la kirusi, bila kile kiini kinachoambukiza. Chanjo ya Gardasil hutengenezwa kwa kuiotesha protini hiyo katika chembe za hamira, aina ile ile ya hamira tunayotilia mahamri. Haina gelatini ya nguruwe. Malaysia, nchi ya Kiislamu, imekuwa ikiwachanja wasichana wake shuleni tangu mwaka 2010. Madhara yake ya kawaida ni maumivu ya mkono, homa kidogo, na baadhi ya wasichana kuzimia kwa kuogopa sindano, ndiyo sababu huambiwa wakae kama dakika 15 baada ya kuchomwa. Mzio mkali hutokea mara chache sana. Ama utasa, haukuthibitika popote licha ya mamilioni ya wasichana kuchanjwa tangu 2006, na wengi wao sasa ni mama. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe na matibabu yake, maana daktari akilazimika hukikata kizazi chote ili aokoe roho.

Kama chanjo ni njema hivi, mbona isiwe lazima? Wanaotaka iwe lazima wana hoja nzito, na si haki kuwachora kama madikteta. Wanasema hivi: mzazi anayekataa leo hatalipa yeye. Atalipa binti, miaka 30 baadaye, pengine mzazi mwenyewe akiwa ameshatangulia kaburini. Uwalii ni amana, haukuwekwa ili baba atimize hofu zake juu ya mwili wa mtoto. Na tena, wanauliza, mbona hamlalamiki kwa chanjo nyingine? Kila anayekwenda Makka kuhiji hudungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, bila hiyo hapati viza, na hatujaona mtu akiandamana kuanzia Mkomani mpaka Likoni. Saudi Arabia iliweka sharti hilo baada ya homa hiyo kuwapiga mahujaji mwaka 1987. Tulikubali, tukachomwa, tukaenda kutufu.

Mfano wa Hija ni mzuri, na ndio huo huo unaonionyesha tofauti. Homa ya uti wa mgongo husambaa kwa pumzi. Mahujaji wamebanana Mina bega kwa bega, na mmoja asiyechanjwa aweza kumwua jirani yake asiyemjua, kisha akaileta nyumbani. Surua ni hivyo hivyo darasani. Hapo shuruti ina uso, kwani mtoto wako akikohoa, wangu anaugua. HPV haisambai kwa kukaa dawati moja. Msichana asiyechanjwa hamdhuru mwenzake kwa kusoma naye hesabu. Kumfukuza darasani kwa ajili hiyo ni kumnyima elimu bila kumkinga mtu yeyote aliye humo darasani, na sisi Pwani twajua msichana akitolewa shule hurudi lini. Ni kweli waliochanjwa wengi huwapunguzia hatari hata wasiochanjwa, kwa kuwa virusi vinakosa njia. Ila faida hiyo huja polepole kwa miaka mingi, na haifanani na dharura ya surua.

Jambo la pili ni kwamba shuruti imeshajaribiwa penginepo na twajua ilivyokwenda. Chanjo iliidhinishwa Marekani Juni 2006. Haikupita hata miezi minane, Februari 2007, gavana wa jimbo la Texas, Rick Perry, akatoa amri kwamba wasichana wote wanaoingia darasa la sita wachanjwe. Alitoa nafasi ya mzazi kukataa kwa kuandika, lakini hilo halikumsaidia. Watu wakauliza kwa nini haraka hivyo, tena kwa amri ya mtu mmoja bila kupitia bungeni. Ikabainika kwamba aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa ofisi yake sasa anaitetea kampuni ya Merck, mtengenezaji wa chanjo, na kwamba kampuni hiyo ilikuwa imemchangia gavana fedha za kampeni. Dozi tatu ziligharimu dola 360 hivi. Bunge la jimbo likaifuta amri kabla ya nusu mwaka, na mwaka 2011, alipowania urais, Perry akakiri mwenyewe kwamba njia aliyotumia ilikuwa mbaya. Tazama ilivyo: dawa nzuri iliharibiwa jina na namna ilivyoletwa. Jimbo la Virginia lilipitisha sheria yake mwaka huo huo ikiwapa wazazi uhuru mpana wa kukataa, na wasichana waliochanjwa huko hawakuzidi wa majimbo yasiyo na sheria kwa kiasi cha maana. Australia ilianza mwaka huo wa 2007 vilevile, lakini yenyewe iliwapelekea wasichana chanjo ya bure shuleni na kuwapa wazazi fomu ya kutia sahihi. Leo Australia ni miongoni mwa nchi zinazotajwa kuwa zitakuwa za kwanza kuimaliza saratani hii.

Mfano mwingine uko karibu na sisi kwa dini na kwa historia, nao ni Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipozuka huko, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto wagonjwa. Baadaye wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kesi zilichukua miaka. Kwa hiyo mwaka 2003 walipokuja watu wa chanjo ya polio, na uvumi ukaenea kwamba inaua kizazi, uvumi ulikuta ardhi imeshalimwa. Jimbo likaisimamisha chanjo kwa miezi mingi. Polio ikatoka hapo ikasambaa nchi nyingine nyingi za Afrika, ikavuka mpaka Yemen na Indonesia, na watoto waliopooza wengi wao walikuwa watoto wa Kiislamu. Na kilichofungua mlango mwaka 2004 hakikuwa askari. Ilikuwa ni mazungumzo na viongozi wa dini na wa jadi, na uamuzi wa kuagiza chanjo kutoka Indonesia, nchi ya Kiislamu, ambayo watu wa Kano waliiamini.

Wakati mwingine watu wa afya huzungumza kana kwamba shaka ya wananchi ni ujinga mtupu. Hapa Kenya shaka haikuanzia kwetu Waislamu, na tusibebeshwe sisi peke yetu. Mwaka 2014 ni maaskofu wa Kanisa Katoliki waliodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikipewa wanawake imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Wizara na Shirika la Afya Duniani zikakanusha, lakini neno likishatoka halirudi. Chanjo ya HPV ilipokuja, chama cha madaktari Wakatoliki kikasimama hadharani kuipinga. Kisha ikaja korona. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba asiyechanjwa hatahudumiwa katika ofisi za umma kuanzia mwezi uliofuata, na Mahakama Kuu ikaisitisha amri hiyo kabla ya siku yake kufika. Tangu hapo, ukitaja neno chanjo na neno lazima katika sentensi moja, mzee wa kwetu hasikii tena la tatu.

Kisheria, basi, hali ikoje? Hakuna sheria ya Kenya inayosema msichana asiyechanjwa HPV asiingie shule. Baada ya majaribio kaunti ya Kitui, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliizindua chanjo hii kwa nchi nzima hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka kumi. Dozi zilikuwa mbili, ya pili baada ya miezi sita. Hesabu mwenyewe: Oktoba na miezi sita ni Aprili 2020. Katikati ya Machi shule zote zilifungwa kwa korona. Wasichana wa kundi la kwanza walitawanyika majumbani siku ambazo dozi yao ya pili ilikuwa inakaribia, na waliorudi kuifuata wakawa wachache kuliko walioanza. Mtu akikwambia kwamba idadi ni ndogo kwa sababu ya masheikh, mkumbushe kalenda.

Linalonikera ni lazima ya kimyakimya. Mtoto anarudi nyumbani na alama ya plasta mkononi, mama anauliza, mtoto anasema tulipangwa foleni tukachomwa. Hakuna karatasi iliyokuja. Au karatasi ilikuja, kwa Kiingereza, kwa mama ambaye kisomo chake ni cha chuoni na Kiswahili anakisoma vizuri, ikitakiwa irudi kesho yake asubuhi. Mwalimu mkuu anatakiwa apeleke hesabu, muuguzi anatakiwa amalize vichupa, kila mmoja ana haraka. Sidhani wana nia mbaya. Lakini mama huyo mmoja akitoka nje na hasira yake, kesho mtaa mzima umefunga milango, na si kwa HPV peke yake bali kwa surua na polio pia. Hiyo ndiyo gharama ya shuruti ambayo wenzetu wanaotaka lazima hawaiweki kwenye mizani. Mlango wa saratani moja hufunguliwa kwa nguvu, ile mingine iliyokuwa wazi ikafungwa.

Rwanda walifanya vipi? Walianza mwaka 2011, nchi isiyotushinda kwa utajiri, na mwaka huo wa kwanza wakafikisha dozi tatu kwa asilimia 93 ya wasichana waliolengwa. Walitumia shule, lakini kabla ya shule walitumia wahudumu wa afya wa vijijini, viongozi wa dini na wakuu wa mitaa, wakaeleza kijiji kwa kijiji. Msichana aliyekosa shule siku hiyo alitafutwa nyumbani kwao. Mtu ataniambia Rwanda serikali ikisema watu hutii, na kuna ukweli ndani yake. Lakini kumtafuta mtoto mpaka kwao ni kazi ya miguu.

Kwetu ningependa kuona mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Karatasi ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili na ifike wiki mbili kabla. Uitwe mkutano wa akina mama, na azungumze muuguzi wa kike anayejulikana mtaani, aulizwe yote hata yale ya aibu. Baraza la Maimamu na SUPKEM waitwe mapema wapewe maelezo ya kilichomo kwenye chanjo, si kuitwa siku ya uzinduzi wakae jukwaani wapigwe picha. Na madrasa zisisahauliwe. Kuna mabinti ambao hawako shule ya serikali wala ya binafsi, wako chuoni tu, na timu ya shule haiwaoni kamwe. Ustadhi mmoja akielewa, ameokoa darasa zima.

Na sisi wazazi tusijifiche nyuma ya neno uhuru. Ninaposema asilazimishwe mtu, sikusema mtu akatae kwa sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana jina wala kisomo. Haki ya kukataa imebeba wajibu wa kuuliza kwanza. Fiqhi yetu imejaa mlango wa kuondoa madhara, na kutafuta kinga kabla ya ugonjwa hakujawahi kuwa kinyume cha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Baba anayesema hapana amuulize muuguzi maswali yake yote, amuulize sheikh anayemwamini, kisha akae na mama wa mtoto, kwa sababu nimeona nyumba ambazo mama anataka na baba anakataa bila hata kujua HPV ni nini. Chanjo ni bure katika vituo vya umma, na si lazima kungoja timu ya shule. Siku hizi mzigo pia umepungua. Utafiti uliofanyika hapa hapa Kenya, Nairobi, Thika na Kisumu, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha mwaka 2022 kwamba hata dozi moja hukinga vizuri sana, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja.

Nimeulizwa pia kuhusu wavulana. Kwa haki, wao ndio wapelekaji, na Australia imekuwa ikiwachanja tangu 2013. Hapa nchini walengwa ni wasichana, kwa kuwa chanjo haijatosha wote na saratani ya mlango wa kizazi haiwapati wanaume.

Na mama aliyekwisha pita umri wa chanjo? Yeye ana kipimo. Katika vituo vingi vya afya muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, akangoja dakika moja hivi, akatazama kama pametokea doa jeupe. Likiwepo, mara nyingi hutibiwa kabla halijawa saratani. Waweza kuomba muuguzi wa kike. Siku utakayompeleka binti kwa sindano, uliza chumba cha kipimo hicho ni kipi, kwani mara nyingi ni hapo hapo kituoni.